Alama Chini ya Chasi

Somo la wiki: Mathayo 10:1–4

Wapendwa, wengi mmeshazoea kwamba Jumatatu Mchungaji wenu hapatikani kirahisi. Simu inalia mezani, mimi niko stoo nyuma ya nyumba, nimevaa miwani juu ya miwani, nimeinamia gari linaloenea kwenye kiganja cha mtoto. Mama Mchungaji anasema wanaume wenzangu wakizeeka wanafuga ng'ombe, mimi nimefuga midoli. Simbishii. Lakini kwa kuwa watoto wa Shule ya Jumapili wameshanitangaza mtaani, afadhali niseme mwenyewe ninachofanya huko, na kwa nini wiki hii kimenipeleka hadi kwenye Injili ya Mathayo.

Kisa kilianzia soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba, pale wanapomwaga vitu vya watoto juu ya turubai na kupiga kelele za bei. Kulikuwa na midoli isiyo na mikono, treni isiyo na reli, na vigari vya plastiki vimevunjika vunjika. Nikaokota kimoja ili nimpishe mama mmoja apite, mkono ukashtuka. Kilikuwa kizito. Kilikuwa cha chuma, cha baridi, na nilipokigeuza nikaona chini yake herufi zilizoinuka: Lesney, England. Ilikuwa Land Rover yenye mizigo ya kahawia juu ya paa. Mtoto fulani, au dada yake, alikuwa ameipaka rangi ya kucha, nyekundu, mpaka kwenye vioo. Ekseli ya mbele imepinda, tairi moja linatazama Arusha na jingine linatazama Tanga. Nikalipa, nikachukua na nyingine ndogo iliyokuwa kando yake.

Lesney ni kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1947 na marafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith, wenye jina moja la ukoo bila undugu wowote. Wakachukua mwanzo wa jina la mmoja na mwisho wa jina la mwenzake. Baadaye akaungana nao fundi aliyeitwa Jack Odell. Binti yake alisoma shule yenye sheria kwamba mtoto asije na kitu cha kuchezea kisichoenea ndani ya kasha la kiberiti, basi baba akamtengenezea mashine ya kushindilia barabara ndogo kiasi hicho. Wenzake wote wakaitaka. Mwaka 1953 kampuni ikaanza kuuza vigari vya namna hiyo vikiwa ndani ya vikasha vilivyofanana na vya kiberiti, na jina Matchbox likatokana na hapo. Mwaka huohuo walikuwa wameuza zaidi ya milioni moja ya kigari kidogo cha farasi, mfano wa kile kilichombeba Malkia Elizabeth siku ya kutawazwa. Na ni kwa heshima ya kutawazwa kulekule, mwaka huohuo, ndipo yalipoanza mashindano ya magari yaliyokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo wazee wetu waliyafahamu kama Safari. Wengine mlisimama barabarani mkila vumbi lake.

Niongeze moja kwa wapenzi wa Safari. Volkswagen ilishinda mashindano hayo mwaka 1962, na mwaka 1965 kampuni nyingine ya Uingereza, Corgi, ikatoa Volkswagen ndogo iliyovalishwa kama ya Safari ya Afrika Mashariki, na ndani ya boksi lake wakaweka kifaru. Mtoto wa Manchester alikuwa na kifaru chini ya kitanda, na sisi wa miguuni mwa Kilimanjaro wengine mpaka leo hatujamwona. Land Rover yangu nayo ni ya miaka hiyohiyo, na jina waliloipa huko Uingereza ni Safari. Lesney ilianguka mwaka 1982, na jina la Matchbox sasa liko mikononi mwa Mattel ya Marekani, ambao ndio wenye Hot Wheels tangu 1968. Tuyaache hayo.

Ile nyingine ndogo niliyonunua siku ile niliiua mwenyewe. Nilitaka kuitoa rangi haraka, nikaona kwenye rafu kostiki iliyobaki kwenye mradi wa sabuni wa akina mama. Nikachanganya na maji kwenye ndoo, nikaitumbukiza, nikaenda kulala. Asubuhi rangi ilikuwa imetoka kweli. Lakini bodi ilikuwa nyeusi, imeliwa, ina vishimo kama embe lililodonolewa na ndege, na mlango wa kushoto umebaki ukingo tu. Nikampelekea mzee wetu mmoja wa kanisa, fundi bodi mstaafu aliyenyoosha magari ya watu miaka mingi. Nikamwamkia, nikaifungua leso.

Akaitazama muda mrefu. "Baba Mchungaji," akasema, "hii hukuisafisha. Umeipika."

Ndiye aliyenieleza kwamba chuma cha vigari hivi si chuma cha jembe. Ni mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni zinki, na alumini, na shaba kidogo. Huyeyuka kwa moto mdogo, ndiyo maana unaweza kumiminwa kwenye kalibu ukatoa hata mistari ya milango isiyozidi unene wa unywele. Na kwa kuwa ni zinki na alumini, kostiki inautafuna. Nilikuwa na nia njema, na dawa niliyotumia ilishindwa kutofautisha rangi na gari.

Land Rover tukaifanya pamoja, Jumatatu nne.

Ya kwanza iliisha kwenye ribiti. Vigari hivi havina skrubu. Nguzo ndogo ya bodi hupitishwa kwenye tundu la chasi, kichwa chake kikapondwa kiwandani, na ikishapondwa ndiyo basi. Ukitaka kuingia ndani lazima ukiondoe kichwa hicho. Mzee aliweka alama katikati kwa ncha ya msumari, akagonga mara moja, akanipa keekee yenye biti ya milimita tatu. "Usisukume. Iache ile yenyewe." Vinyuzi vya chuma chenye kung'aa vilitoka vikijikunja, halafu chasi ikaachia kwa mlio mdogo sana. Tukatoa ekseli, viti, vioo na ile mizigo ya kahawia, kwa sababu rimuva ya rangi huyeyusha plastiki. Kisha tukapaka rimuva kwenye bodi tupu kwa brashi, tukasubiri, rangi ya kucha ikavimba kama ngozi ya maziwa, nikaisugua kwa mswaki uliochakaa na maji mengi.

Hapo nikauliza swali la mtu asiyejua kazi: tutaipaka rangi gani? Mimi nilikuwa napenda kijani kibichi. Mzee akaigeuza bodi, akanionyesha upande wa ndani, juu, pale ambapo paa hukutana na nguzo, ambapo dawa yetu ilikuwa haijafika. Kulikuwa na ubluu uliotulia, safi, haujapigwa na jua wala kuguswa na kidole. Mtoto hakuwahi kucheza ndani. "Tusibuni," akasema. "Gari limeshasema."

Nimekaa na neno hilo wiki nyingi. Tuna haraka ya kumpa mtu aliyeharibikiwa rangi tunayoipenda sisi. Kijana akiacha pombe tunataka kesho awe mwinjilisti. Huenda alikuwa fundi cherehani mpole, na Bwana anamrudisha kwenye cherehani yake.

Rangi yenyewe ni shule ya subira. Praima kwanza, nyembamba. Halafu rangi, mara tatu au nne, kila mara ukungu mwepesi tu, ukauke, ndipo upige tena. Ukipiga nene mara moja ili umalize, gari litang'aa, lakini mistari ya milango itazama na vishikio vitapotea, na utabaki na sabuni ya bluu yenye matairi. Vioo tulivisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka mikwaruzo ikafifia. Haikuisha yote. Ekseli ikanyooshwa kwa koleo. Na kwa kuwa ribiti iliyotobolewa hairudi, mzee alitengeneza njia ya skrubu ndogo kwenye nguzo, ili yeyote atakayeifungua baadaye asilazimike kutoboa tena.

Nilidhani tumemaliza. Nikaishika juu kwenye dirisha, inang'aa, imesimama kwenye tairi zake nne. Mzee akanyoosha mkono niirudishe. Akaigeuza, akachukua kalamu yenye ncha kama sindano, akaandika kwenye chasi, pembeni ya jina la kiwanda, mwaka na maneno mawili: imepakwa upya.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Kazi ya mwezi mzima, halafu unaitia doa?

Akanieleza desturi. Ulimwenguni kote wako watu wanaokusanya vigari hivi, na wengi hawataki kabisa vipakwe upya. Kwao rangi ya kiwandani iliyokwaruzwa ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa. Wengine, kama sisi, wanaona gari lililooza stoo bila kuguswa halimsaidii mtu. Watagombana mpaka mwisho wa dunia. Ila pande zote mbili zimekubaliana jambo moja: mwenye kupaka upya aseme. Akiuza gari la kupakwa kana kwamba ndivyo lilivyotoka kiwandani, huyo ni mwizi, hata kama kazi yake ni nzuri kuliko ya kiwanda. Kwa hiyo wanaandika.

"Lakini chini, Baba Mchungaji," akasema mzee. "Umewahi kuona mtu kaandika juu ya paa?"

Sasa nisimulie kosa langu. Aliyekosewa nimemwomba ruhusa, akanipa kwa sharti nisitaje jina lake wala mtaa wake.

Katika usharika wetu, kama ilivyo desturi ya kanisa letu, mtu aliyewekwa nje kwa kosa lililojulikana akitubu hurudi kundini. Anasimama mbele ya madhabahu, anaulizwa, anajibu, anaombewa, tunampa mkono, na anaalikwa tena kwenye Chakula cha Bwana. Ndugu huyu alirudi kundini. Kosa lake silitaji. Akakaa mwaka mzima, mwaminifu, hakosi ibada, anafagia kanisa Jumamosi bila kupangwa. Wazee wakamchagua asaidie kamati ya ujenzi. Nami nikasimama kwenye matangazo, nikiwa na furaha ya kweli, nikasema: mnamkumbuka ndugu yetu huyu, ndiye aliyerudi kundini mwaka jana, tazameni neema ya Mungu!

Watu wakapiga makofi. Yeye akatazama viatu vyake. Mkewe, aliyekuwa benchi la tatu, akafunga zipu ya mkoba wake taratibu, akamshika mtoto mkono, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kwa miezi minne sikuwaona. Nilijiambia wamekwenda shamba. Mpaka siku ile stoo, mzee aliponiuliza habari ya paa, ndipo nilipojua walikokuwa.

Fungueni Mathayo 10. Kuna orodha ya mitume kumi na wawili. Petro hatajwi kuwa alikuwa mvuvi, wala Andrea, wala Yakobo na Yohana. Kati ya wote ni mmoja tu aliyebandikwa kazi yake ya zamani, katika mstari wa 3: Mathayo, mtoza ushuru. Kazi yenyewe mnajua ilivyonuka. Mtoza ushuru alihesabiwa pamoja na wenye dhambi, aliwakamua watu wake kwa niaba ya watawala, na meza yake hakuna Myahudi mwenye heshima aliyekaa.

Sasa nendeni Marko 3:18, halafu Luka 6:15. Orodha ileile. Someni polepole. Wameandika Mathayo, basi. Hakuna ushuru. Si kwamba hawakujua. Wote wawili wanasimulia habari ya Yesu kupita kwenye kibanda cha ushuru na kumwita mtu, Marko katika sura ya 2 na Luka katika sura ya 5, lakini pale wanamwita kwa jina lake jingine, Lawi. Aliyeandika waziwazi kwamba mtu wa kibandani ni Mathayo, na akarudia kwenye orodha ya mitume, ni Injili inayobeba jina la Mathayo. Najua wataalamu wana mabishano yao kuhusu nani aliandika nini. Kanisa tangu zamani limepokea kwamba ni yeye mwenyewe, na leo nasimama na mapokeo hayo.

Kama ni yeye, basi tazameni alichofanya. Ndugu zake waliacha paa likiwa safi. Yeye mwenyewe akaligeuza gari akaonyesha chasi. Alama ni yake, kalamu ni yake, wakati wa kuonyesha ni wake. Mimi nilichukua kalamu ya mtu mwingine nikaandika juu ya boneti yake mbele ya watu wote, na nikaita jambo hilo ushuhuda.

Mtaniuliza habari za Yuda, kwamba orodha zote tatu zimetaja usaliti wake. Ni kweli. Yuda hakurudi.

Na mtaniuliza la pili, ambalo ni gumu zaidi: je, tufiche? Hapana. Alama ipo, na lazima iwepo. Kitabu cha usharika kiko kwenye kabati, kimeandikwa, na wanaostahili kukisoma watakisoma. Mtu aliyekula fedha za kikundi, wazee wanapaswa kujua kabla ya kumkabidhi kasha la sadaka, na yeye mwenyewe atalala vizuri zaidi asipokabidhiwa. Binti anayeposwa ana haki ya kuligeuza gari na kusoma. Ila kuna tofauti kati ya mwenye haki ya kusoma na mwenye hamu ya kusoma. Kwenye foleni ya maji wapo wa aina ya pili wengi. Kwenye kwaya pia, nisamehewe.

Kuna mahali mfano wangu unagota, na ni haki niwaonyeshe. Vigari vya zamani sana, hasa vile vya Dinky vilivyotoka Liverpool kabla ya Vita vya Pili, vina ugonjwa wake. Zinki ikimiminwa ikiwa na uchafu kidogo tu wa madini ya risasi, gari litatoka kiwandani zuri kama mengine. Miaka inapita, ndani kwa ndani chuma kinavimba, kinapata nyufa, siku moja unakishika kinavunjika kama biskuti. Haina dawa. Mzee ana kimoja kwenye kisanduku cha pamba, hakigusi. Nikamwuliza, hakuna fundi popote? Akatikisa kichwa. Kwa hiyo msitoke hapa mkisema Mchungaji amefundisha kwamba Mungu ni fundi rangi. Fundi rangi anaishia kwenye ngozi ya chuma. Ninayemhubiri anafika kwenye ile risasi iliyoingia tangu kalibuni, na namna anavyoitoa siwezi kuionyesha kwa gari lolote la stoo yangu.

Nilikwenda kwa yule ndugu Alhamisi moja jioni. Sikuwa na hotuba. Nilimkuta anachambua maharage na mwanawe, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nilichofanya siku ile ya matangazo na kwamba nilikosea. Mkewe alisikiliza akiwa jikoni, nikajua kwa sababu mwiko ulinyamaza. Akaleta chai. Hakusema amenisamehe na sikumwomba aseme. Jumapili ile walikuja, wakakaa nyuma. Ya pili wakasogea. Land Rover sasa iko kwa yule mtoto, naona rangi ya kona imeshaanza kuchubuka, na siku moja alinijia mbio akaniuliza maana ya maandishi ya chini. Nikamwambia amwulize baba yake.

Jumapili ijayo, ibada ya kwanza, watu watatu watarudi kundini. Majina mtayasikia mara moja tu, pale madhabahuni. Baada ya ibada watasimama mlangoni upande wa mnara. Naomba mpite kwa mlango huo, muwape mkono, muwaulize habari za watoto na za mvua, kisha mwende zenu nyumbani.